MGENI WA KEHANCHA NA JEMBE LAKE

Msafiri atokaye Homa Bay kwenda Kehancha huanza safari yake ukingoni mwa ziwa la Victoria, akapanda hadi Rongo, na hapo akaingia katika barabara kuu itokayo Kisii kwenda mpaka wa Tanzania. Hupita Awendo, penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, kisha hufika Migori, mji wa biashara ulio kando ya mto wenye jina hilo hilo. Baada ya Migori nchi huanza kubadilika. Miwa huachwa nyuma, na badala yake huonekana mahindi, mihogo, wimbi, migomba na tumbaku, pamoja na mabanda marefu ya kukaushia majani yake. Lugha ya sokoni nayo hugeuka. Kijaluo hupungua na Kikuria huzidi. Kehancha iko mashariki ya barabara hiyo kuu, katika nchi ya vilima na mawe, karibu sana na mpaka.

Kehancha si mji mkubwa. Una ofisi za serikali, mahakama, hospitali, soko, maduka, na pikipiki nyingi zinazongojea abiria. Zamani nchi yote ya Wakuria wa Kenya ilitawaliwa pamoja na South Nyanza. Mwaka 1993 Kuria ilipewa wilaya yake, na Kehancha ikawa makao makuu. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Kuria imekuwa sehemu ya Kaunti ya Migori, na Kehancha ndiyo mji wa Kuria Magharibi.

Kila mwaka wageni hufika katika sehemu hizi za Migori na Homa Bay kufanya kazi za kujitolea. Wengine hutoka Ulaya, wengine Marekani, wengine Asia, na wengine hutoka Nairobi au nchi jirani. Wengi wao ni vijana. Huja kusaidia kazi ya afya ya watu vijijini, au kazi ya kuwaongoza vijana wapate elimu, kipato na akili ya kujitegemea. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hao hao walisema pia kuwa mgeni ni wa siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Yafaa kutazama jinsi methali hizi mbili zinavyotimia huko Kehancha, na jinsi zinavyoshindwa kutimia.

NG'AMBO ILIYO KARIBU

Jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kulijua ni mpaka. Wadachi na Waingereza walipogawana nchi za Afrika Mashariki kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890, mstari ulichorwa kwenye ramani kutoka pwani ya ziwa kwenda kusini-mashariki. Haukuuliza nani anaishi wapi. Kwa hiyo Wakuria walikatwa vipande viwili. Wengine walibaki upande ambao leo ni Kenya, na wengine upande wa Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara, Tanzania. Upande wa Kenya kuna koo kubwa nne, nazo ni Abakira, Abagumbe, Abanyabasi na Abairege. Koo hizo zina ndugu zao ng'ambo ya pili.

Pale Isebania mtu akitembea hatua chache huwa amefika Sirare, naye yumo Tanzania. Shangazi yake huenda anakaa huko, na ng'ombe wa mahari walitoka huko. Basi mgeni aliyevuka bahari kuja Kehancha hudhani kwamba yeye ndiye aliyeko ng'ambo, kumbe wenyeji wake nao huenda ng'ambo na kurudi kila siku ya soko. Ugonjwa nao huvuka bila kuonyesha cheti. Mtoto aliyechanjwa dozi ya kwanza upande mmoja huenda akahamia kwa bibi yake upande wa pili kabla ya dozi inayofuata. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa Kehancha huenda akaenda kuvuna mahindi Tarime. Mfanyakazi wa afya asiyejua mambo ya ukoo atasema mgonjwa ametoroka dawa, anayejua atauliza, "Mama, huyu kijana ana ndugu gani upande wa pili?" Swali hilo moja laweza kumrudisha mgonjwa kwenye dawa zake.

DESTURI YA KUJITOLEA ILIVYOANZA

Desturi ya vijana kutoka nchi moja kwenda kufanya kazi ya bure katika nchi nyingine kwa mpango maalumu si ya zamani sana. Huko Uingereza chama kiitwacho VSO kilianza mwaka 1958. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wake. Waliofika kwanza walikuwa mainjinia wa barabara, wapima ardhi na wajuzi wa miamba. Japani ilianzisha mpango wake mwaka 1965, na mwaka uliofuata vijana wa Kijapani walifika Kenya. Baadaye Afrika Mashariki nayo ilianza kuwatoa watu wake. Nairobi palikuwa na ofisi iliyoitwa VSO Jitolee, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatafuta wauguzi, walimu na wataalamu wengine wa hapa waende kujitolea katika nchi nyingine.

Mipango hiyo ya kwanza iliwaweka watu kazini kwa muda mrefu. Siku hizi wako wanaokuja kwa miezi mitatu, na wako wanaokuja kwa majuma mawili tu. Hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa, maana majuma mawili hayatoshi hata kujifunza majina ya watu.

Majina yenyewe ni somo. Katika nchi ya Kuria majina machache hurudiwa sana. Wanaume ni Chacha, Mwita na Marwa. Wanawake ni Boke, Gati na Robi. Mgeni akisimama mlangoni mwa zahanati na kuita "Mwita Chacha," huenda wakainuka watu watatu, na kila mmoja ana haki ya kuinuka. Dawa ya mmoja ikipewa mwingine, hilo si jambo la kuchekwa. Mwenyeji humtambua kila mmoja kwa mji wake, ukoo wake na rika lake. Mgeni anayo karatasi tu.

Karatasi nazo zina mapungufu yake. Fomu iliyochapwa mjini ina nafasi ya mume na nafasi ya mke. Lakini kwa Wakuria iko desturi ya kale ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Huko Tarime huiita nyumba ntobhu. Mgeni akiandika kwamba mji huo "hauna mwenyewe," amekosea, kwa sababu mwenyewe amekaa mbele yake, naye ndiye atakayeamua kama mjamzito apelekwe hospitali usiku au asubuhi.

KAZI YA AFYA

Sehemu hizi za kandokando ya ziwa zina malaria nyingi kuliko sehemu nyingi za Kenya, na Homa Bay na Migori ziliumizwa vibaya na ukimwi. Tarehe 13 Septemba 2019, huko Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya ilizindua utoaji wa chanjo ya malaria kwa watoto. Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa kwa kazi hiyo. Katika mpango huo mtoto alitakiwa kupata dozi nne, ya kwanza akiwa na miezi sita na ya mwisho akiwa na miaka miwili. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi.

Msomaji ahesabu mwenyewe. Kutoka dozi ya kwanza mpaka ya nne ni mwaka mmoja na nusu. Mgeni aliyekuja kwa miezi mitatu hawezi kumwona mtoto mmoja akimaliza chanjo zake. Ni nani basi amkumbushaye mama, wakati wa kupanda, wakati wa palizi na wakati wa kuvuna tumbaku, kwamba siku ya mtoto imefika? Ni jirani yake.

Jirani huyo ndiye mhamasishaji wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi watu hao walifanya kazi kwa kujitolea, wengi bila malipo ya hakika, wakitembea mji kwa mji. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango mpya, na wahamasishaji zaidi ya 100,000 wa nchi nzima walipewa mikoba yenye vifaa kama kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto ili kujua kama amekonda kwa utapiamlo. Kila mmoja alipangiwa kutazama miji ipatayo mia moja. Posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Fedha hizo si nyingi kwa mtu apandaye vilima vya Kuria katika jua na mvua, lakini ni ishara kwamba kazi yake imetambuliwa kuwa kazi.

Mgeni wa kujitolea akiwa na busara atamtafuta mtu huyu kabla ya kutafuta kitu kingine. Atamfuata nyuma, atabeba mkoba wake, na atajifunza kwamba katika mji wa Kikuria mtu hasalimiwi kwa haraka na kuulizwa habari za choo chake papo hapo. Huketi kwanza. Huuliza habari za watoto, za mvua na za mifugo. Huanza na mzee wa mji, hata kama mgonjwa ni mtoto. Mgeni asiyependa kungoja huona haya yote kuwa kupoteza wakati. Lakini aliyejua kungoja hukaribishwa tena, na siku ya pili ndipo aambiwapo ugonjwa wenyewe.

Yako pia mambo ambayo mgeni hafai kuyafanya hata akisukumwa na huruma. Mwanafunzi ambaye kwao haruhusiwi kumchoma mgonjwa sindano haruhusiwi Kehancha pia. Daktari na muuguzi wa kigeni hawana budi kusajiliwa na mabaraza ya Kenya yanayosimamia kazi zao, na kazi ya kujitolea yahitaji kibali cha kazi, wala si ruhusa ya kutalii. Wengine huona taratibu hizi kama mlolongo wa ofisi za serikali usio na maana. Maana ipo. Mwili wa mkulima wa Kuria si daftari la mtu kujifunzia kuandika.

Mgeni mwenye ufundi wake, hata usio wa udaktari, ana mengi ya kutoa. Aweza kupanga vizuri daftari za zahanati, kutengeneza jokofu la chanjo, au kumfundisha karani wa hapo kutumia kompyuta. Aweza pia kuona jambo ambalo wenyeji wamelizoea mno. Mathalani tumbaku. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande au mvua hutoa sumu yake, nayo huingia mwilini kupitia ngozi ya mchumaji. Mtu hushikwa na kichefuchefu, hutapika, kichwa humuuma na kizunguzungu humpata. Watoto wanaosaidia kuchuma na kufunga majani hupata ugonjwa huo upesi kuliko watu wazima. Mwenyeji huweza kudhani ni malaria, akanywa dawa ya malaria, na kesho yake akarudi shambani. Katika Kaunti ya Migori mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yameanzisha mpango wa kuwasaidia wakulima wa tumbaku kugeukia mazao ya chakula, hasa maharage yenye madini mengi ya chuma. Hapo kazi ya shamba na kazi ya afya hukutana, na mkulima ndiye mwenye kuamua.

KAZI YA VIJANA

Ikiwa kazi ya afya ni ngumu, kazi ya vijana katika Kuria ni ngumu zaidi, maana hugusa desturi iliyo moyoni mwa ukoo. Desturi hiyo ni esaro, yaani tohara. Wazee wa baraza la siri liitwalo inchama ndio watangazao mwaka wake, na kwa kawaida hufanyika likizo ya Desemba. Wavulana hutahiriwa. Lakini wasichana nao wamekuwa wakikeketwa, na baada ya hapo wengi huhesabiwa kuwa wamekwisha kuwa wanawake wa kuolewa. Shule hukoma, hata kama msichana ana miaka kumi na miwili.

Madhara ya ukeketaji yanajulikana: kutoka damu nyingi, vidonda kuoza, mateso wakati wa kujifungua, na hata kufa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 huikataza kabisa. Mwenye kuvunja sheria hiyo hufungwa si chini ya miaka mitatu, au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili. Sheria hiyo humkamata pia mtu ampelekaye msichana nje ya Kenya kwa ajili hiyo, au amletaye kutoka nje. Tena hukataza kumtukana mwanamke kwa kuwa hakukeketwa. Kifungu hicho cha mwisho chaweza kuonekana kidogo kwa mtu wa mbali, lakini katika Kuria ni kikubwa. Liko neno omosagane, analoitwa msichana asiyekeketwa, na neno hilo humfuata kisimani, sokoni na jikoni kwa mama mkwe. Wako wasichana walioshinda kisu wakashindwa na neno hilo.

Upande wa Tanzania sheria ya mwaka 1998 hukataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Huko Masanga, katika Tarime, masista wa Kikatoliki walianzisha kituo cha kuwapokea wasichana wakati wa msimu, na waliokimbilia huko ni pamoja na wasichana kutoka Kenya. Kwa hiyo njia ile ile ambayo mzazi aweza kumvusha binti usiku ili akatwe, ndiyo njia ambayo binti aweza kuikimbilia ili apone.

Mgeni wa kujitolea akiingia katika jambo hili kwa hasira na kamera, huharibu. Wazee watasema kwamba wazungu wamekuja kuondoa desturi za watu, na mzazi aliyekuwa akisitasita ataona aibu kuonekana mtumwa wa wageni, akamkata binti yake ili athibitishe kuwa yeye ni Mkuria. Picha ya msichana aliyekimbia, ikienezwa duniani kwa nia ya kuchangisha fedha, humfanya msichana huyo asiweze kurudi nyumbani kwa heshima. Anayetaka kusaidia hukaa nyuma ya wenyeji. Wako Wakuria wenyewe, wanawake kwa wanaume, walioanzisha vyama vya kuwalinda wasichana, wakazungumza na wazee kwa lugha yao na kuonyesha njia nyingine ya kumfikisha binti utu uzima kwa mafundisho na sherehe bila kisu. Mgeni aweza kufundisha hesabu kambini, kucheza mpira na wasichana, kuwasaidia kujiandaa kwa mtihani, au kuwaandikia vyama hivyo maombi ya misaada. Hizo ni kazi za jembe, nazo hazipigwi picha sana.

Wavulana nao wasisahauliwe. Kijana aliyetahiriwa, akaacha shule na kupata pikipiki ya mkopo, ndiye atakayeoa. Akitaka mke aliyekeketwa tu, mzazi wa binti hatakuwa na neno. Akisema hadharani kwamba hajali, mlango hufunguka. Kwa hiyo kazi ya kuwainua wasichana hufanyika pia kwenye kituo cha pikipiki, kwenye uwanja wa mpira na kwenye chama cha akiba cha vijana, ambako mgeni mwenye umri wao husikilizwa kuliko afisa.

Mabadiliko yapo. Katika Kenya nzima, uchunguzi wa serikali wa mwaka 1998 ulionyesha wanawake 38 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 15. Wakuria wamebaki miongoni mwa makabila ambayo desturi hii ina nguvu, lakini hata kwao wako leo wanawake wasiokeketwa walioolewa, waliosoma, na wanaoheshimiwa.

MWAKA ULIOWAPIMA WOTE

Mwaka 2020 ulileta kipimo kikali. Mwezi wa Machi ugonjwa wa Korona ulipoenea, vyama vya kujitolea viliwaita watu wao warudi makwao. Peace Corps peke yake iliwaondoa vijana zaidi ya 7,000 kutoka nchi zote walimokuwa. Mwezi huo huo shule za Kenya zilifungwa, na nyingi hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021. Katika Kuria msimu haukungojea Desemba. Mnamo Septemba na Oktoba habari zilienea za wasichana wengi kukeketwa na kutembezwa njiani mchana wakiwa na zawadi, kwa kuwa shule ziliyokuwa kimbilio lao zilikuwa zimefungwa.

Wageni hawakuwapo, na hawalaumiwi. Kila mtu aliitwa kwao. Waliobaki walikuwa wahamasishaji wa afya, walimu wasio na wanafunzi, machifu, na wanawake wa vyama vya hapo. Ni hao waliopokea msichana aliyegonga mlango usiku, na ni hao waliopiga simu polisi wakijua kwamba kesho watakutana na baba wa msichana kisimani. Aliyekuwa ameachiwa ujuzi na wageni wa miaka ya nyuma aliutumia. Aliyekuwa ameachiwa picha na fulana tu hakuwa na cha kutumia.

FAIDA YAKE

Mtu aweza kuuliza, kama matatizo ni mengi hivi, kwa nini wageni waje? Jibu lenye nguvu halitoki Ulaya, bali latoka Migori hiyo hiyo. Katika kijiji cha Lwala, Kamagambo Kaskazini, karibu na Rongo, alizaliwa kijana aitwaye Milton Ochieng'. Alipopata nafasi katika chuo cha Dartmouth, Marekani, wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe wakamchangia nauli ya ndege. Akiwa mwanafunzi huko, alisafiri pamoja na wenzake hadi Nicaragua, katika Amerika ya Kati, kujitolea kujenga zahanati ya kijiji. Hapo yeye alikuwa mgeni, hajui lugha vizuri, ameshika nyundo katika nchi ya watu. Na hapo alijiuliza kwa nini jambo hilo hilo lisifanyike kwao.

Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alikuwa na ndoto ya siku nyingi ya kuona zahanati Lwala. Wazazi wote wawili walifariki kwa ukimwi kabla ya ndoto hiyo kutimia. Milton na ndugu yake Fred, ambao wote wawili walisomea udaktari, waliendelea na kazi, na mwaka 2007 zahanati ilifunguliwa. Baadaye iliwachukua wakunga wa jadi, ambao Wajaluo huwaita nyamrerwa, ikawafundisha na kuwalipa ili wawe wafanyakazi wa afya vijijini. Haikuwafukuza wala kuwadharau. Kazi hiyo imeenea katika sehemu nyingine za Kaunti ya Migori.

Habari hiyo huonyesha faida ya kweli ya kujitolea ng'ambo. Mgeni hupata kuliko anavyotoa. Hujifunza kuwa mjinga mbele ya watu na kusaidiwa na aliyedhani atamsaidia. Hula wimbi na mihogo ya maskini aliyemkaribisha bila kuhesabu. Husikia iritungu likipigwa jioni, nalo huimba habari za ng'ombe na mashujaa asiowajua. Na akirudi kwao huona mambo ya kwao kwa macho mapya. Kijana wa Kehancha akipata nafasi ya kwenda kujitolea Uganda, Zambia au Nepal, asiikatae kwa kusema kwamba kwao kuna shida tosha. Aende, ajifunze, na arudi.

SWALI LA WENYEJI

Iko desturi ya wenyeji kumwuliza kila mgeni wa kujitolea swali moja: "Mwanangu, utakaa mpaka lini?" Wengine hudhani ni la adabu tu. Sivyo. Mama aulizaye anataka kujua kama amweleze siri ya nyumba yake mtu atakayekuwapo mwezi ujao, au anyamaze. Anahesabu.

Mgeni mwema hujibu kweli, hata kama jibu ni miezi mitatu, na kisha huonyesha ni nani atakayebaki. Chama kinachomleta nacho kijiulize, kabla ya kumkatia tiketi, kama hapo Kehancha yuko mwenyeji aliyepewa kazi hiyo hiyo, na kama atalipwa mgeni akiisha kuondoka. Wenyeji nao wana wajibu wao. Baraza la kijiji au kamati ya zahanati isimpokee mgeni kwa sababu tu ya ngozi yake au mfuko wake. Imwulize ujuzi wake, vibali vyake na muda wake, kama vile mkulima aulizavyo mbegu kabla ya kuinunua. Mgeni apendaye kazi hataona vibaya.

Methali ya jembe haikutungwa kwa ukali. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba sasa ni mtu wa mji. Lakini jembe hilo ni la mwenyeji, na shamba ni la mwenyeji. Mgeni akiondoka, jembe hubaki limeegemezwa ukutani, na mvua ikinyesha atakuwapo mtu wa kulishika.